Kuuza kwa picha zinazopotea: mwongozo kamili wa kupata pesa kupitia Snapchat ukiwa Mombasa

Swali linarudi lilelile kila wiki, maneno ndiyo yanayobadilika: "Nimeweka picha Snapchat, watu wameona wengi, hakuna aliyenunua. Nakosea wapi?"

Wengi wanabisha mlango usio na mtu. Wanasubiri Snapchat iwalipe kwa kutazamwa, na huku mwenye pesa ni dada wa Kisauni anayetaka dera kabla ya harusi ya Jumamosi, ambaye ameona picha, hakuona bei, akapita. Kulipwa na kampuni yenyewe kupo, na nimekuwekea sehemu yake huko chini. Soma kwanza ya juu, maana hayo ndiyo yatakayokulipia bando.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera inayoona vizuri. Si lazima iwe ya bei ghali, ila kioo cha kamera kisiwe na mikwaruzo.
- Laini ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lako, pamoja na Pochi la Biashara au nambari ya till (njia za M-Pesa za kupokea malipo ya biashara).
- WhatsApp Business. Utaona kwenye hatua ya 5 kwa nini Snapchat peke yake haitoshi kupokea oda.
- Bando. Snapchat hula data kwa sababu hupakua video hata hujazigusa. Ingia kwenye mipangilio, washa Data Saver.
- Leso ya rangi moja au mkeka msafi wa kutandika chini ya bidhaa, na dirisha lenye mwanga.
- Daftari la karatasi na kalamu.
- Bidhaa chache. Nunua zile unazoweza kuzimaliza ndani ya siku tatu, usizidishe.
- Kwa anayeuza chakula: cheti cha afya cha mshika chakula na kibali cha biashara kutoka Kaunti ya Mombasa. Usianze bila hivyo. Mteja akiumwa tumbo, hakuna atakayekusikiliza ukisema ulikuwa unajaribu tu.

## Hatua ya 1: Chagua bidhaa ambayo kesho imechelewa

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hivyo tukae kidogo.

Stori ya Snapchat hukaa saa 24 kisha inaondoka. Picha uliyomtumia mtu moja kwa moja huondoka akishaitazama. Programu nzima imejengwa juu ya kupotea, na bidhaa yako lazima iendane na hilo. Ukiweka chaja za simu, mtu ataziona, atajua kwamba kesho zitakuwepo na keshokutwa zitakuwepo, na hatakuwa na sababu ya kutoa pesa leo.

Sasa tazama hizi:

Biriani ya Ijumaa. Mahamri na mbaazi za asubuhi. Samaki walioshuka alfajiri. Mitumba ya kamera, yaani ya daraja la kwanza, kutoka Kongowea, ambayo kila nguo ni moja tu. Madera mapya, rangi nne, vipande viwili kila rangi. Nafasi za hina wiki ya harusi. Viti sita vilivyobaki kwenye mashua ya Jumapili. Mabuyu na achari zilizopikwa leo, basi la Nairobi linaondoka usiku.

Zote zina mwisho wa kweli. Huna haja ya kumdanganya mtu kwamba zinaisha, zinaisha zenyewe.

Ukishachagua, piga hesabu kabla ya kutaja bei. Tuseme dera umelichukua kwa jumla mtaa wa Biashara kwa shilingi 700. Tuktuk ya kwenda na kurudi ni 200, umechukua madera kumi, kwa hivyo kila moja linabeba 20. Mfuko 10. Bando 20. Dera limekufikia kwa shilingi 750. Ukiuza 1,000 unabaki na 250. Sasa mteja analia umpunguzie 150, kama tulivyozoea sote. Ukikubali umebaki na mia moja, na muda wako hatujauhesabu. Kama unajua wateja wako ni watu wa kupatana, weka nafasi ya kupatana ndani ya bei tangu mwanzo. Au andika "bei ni moja" na uisimamie. Ukiwapunguzia watatu na kuwakatalia watatu, watasemezana.

Onyo: usianze na bidhaa tano za aina tofauti. Leo sabuni, kesho viatu, keshokutwa keki. Anayekufuata hatajua wewe ni nani.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja kwa nini mtu anunue leo, bila kutumia neno "ofa".

## Hatua ya 2: Fungua akaunti ya kazi

Hii ni ya haraka. Fungua akaunti mpya, mbali na ile unayowatumia mashoga zako picha. Chagua jina fupi ambalo mtu akilisikia kwa simu anaweza kuliandika bila kuuliza mara mbili. Epuka mistari na tarakimu zisizo na maana.

Kisha fanya haya:

1. Fungua wasifu wa umma ili hata asiyekuwa rafiki yako aione stori. Kwenye maelezo andika mambo matatu: unauza nini, uko sehemu gani ya Mombasa, na unapeleka siku gani.
2. Kwenye mipangilio ya faragha, ruhusu watu wote wakuandikie. Kama umefunga, mteja mpya hawezi kukuuliza kitu, nawe utasema biashara mbaya.
3. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti za wauzaji huibwa, kisha mwizi anawaomba wateja wako arbuni kwa jina lako.
4. Washa Ghost Mode kwenye ramani. Ukiwa umeruhusu mahali ulipo paonekane, marafiki wa akaunti wanaweza kuona ulipo. Mtu anayetembea na mzigo na pesa hana sababu ya kujitangaza.

Onyo: nambari ya siri inayokuja kwa ujumbe haitolewi kwa mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

## Hatua ya 3: Tafuta watu wa hapa hapa

Wafuasi mia mbili wanaokaa kati ya Likoni na Mtwapa wana faida kuliko elfu tano waliotapakaa ulimwenguni, kwa sababu hao mia mbili unaweza kuwapelekea mzigo. Usinunue wafuasi. Hawali, hawavai, hawana M-Pesa.

Snapchat humpa kila mtu Snapcode, ule mraba wa manjano wenye vidoti. Uchapishe ukubwa wa kiganja. Bandika kwenye mfuko wa kila mzigo unaotoka, kwenye kaunta ya rafiki mwenye saluni, nyuma ya kiti cha tuktuk ya jamaa yako. Uweke pia kwenye status ya WhatsApp, na uandike faida: "Mzigo mpya naonyesha Snapchat kwanza, saa mbili kabla ya hapa." Kisha utimize. Ukiweka huku na huku kwa wakati mmoja, hakuna atakayehamia.

Njia inayofanya kazi sana hapa pwani ni kubebana. Anayepaka hina, anayeuza madera na anayeoka keki wana mteja mmoja: mwenye harusi. Kubalianeni kila Alhamisi mtajane. Haina gharama, na mteja anakuja akiwa ameshaaminishwa.

Lakini tuambiane ukweli. Watumiaji wa Snapchat wengi ni vijana. Kama unauza kwa wanafunzi wa Technical University of Mombasa pale Tudor, au kwa mabibi harusi na mashoga zao, uko mahali pake. Kama mteja wako ni bibi wa miaka sitini anayetaka bakuli za udongo, mfuate WhatsApp, au barazani kwake.

Utajua umefaulu pale watu usiowajua watakapokuandikia wakitaja aliyewaelekeza.

## Hatua ya 4: Panga stori ya siku

Stori si rundo la picha. Ina mpangilio, na kila picha ina kazi moja. Huu ndio ninaoupendekeza:

Picha ya kwanza: mzigo unafika au kitu kinatengenezwa. Belo linafunguliwa, mafuta yanachemka, mabuyu yanamwagiwa shira nyekundu. Sekunde chache tu. Kazi yake ni kumzuia mtu asipite.

Picha ya pili: bidhaa kwa karibu, na bei imeandikwa juu yake. Hii ndiyo dawa ya ugonjwa nilioanza nao. Muuzaji akiandika "bei njoo inbox" anadhani anavuta mazungumzo. Kwenye Facebook labda, maana tangazo litakaa wiki. Hapa mtu anaona saa nne usiku, anauliza, unajibu asubuhi akiwa kazini, anarudi jioni na stori imeshaondoka. Hakumbuki hata lilikuwa dera la rangi gani. Andika bei.

Picha ya tatu: kipimo. Dera lipimwe kwa futi mbele ya kamera, sinia ya biriani iwekwe kando ya sahani ya kawaida, samaki awekwe kwenye mizani na namba ionekane.

Picha ya nne: namna ya kuagiza. Maneno machache: unapeleka wapi, malipo vipi, mwisho wa oda saa ngapi. Weka kiungo cha WhatsApp yako kwa kugusa alama ya klipu ya karatasi. Kiungo huandikwa wa.me/254 kisha nambari yako bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha wala nafasi. Ukikosea hapo hakifunguki, kwa hivyo kijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Baadaye mchana: hesabu iliyobaki. "Zimebaki nne." Na iwe nne kweli.

Mwisho: "Zimekwisha." Watu huiruka hii kwa kuona kazi imeisha. Hiyo ndiyo inayouza ya kesho. Aliyekuwa anasitasita akiona zimekwisha, kesho hatasitasita.

### Mwanga, sauti na saa

Jua la Mombasa la saa sita mchana linaunguza rangi: zambarau linageuka bluu, na mteja akifikishiwa anakwambia umemletea dera sio. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, kando ya dirisha. Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, kamera inashika ukungu wa joto. Subiri kidogo, futa, ndipo upige.

Andika maneno juu ya kila video. Watu wengi hutazama bila sauti, wakiwa kwenye matatu au kazini. Na unapozungumza, zungumza Kiswahili chako cha nyumbani. Kile cha kusoma taarifa ya habari waachie wenyewe.

Saa ya kuweka inafuata bidhaa. Chakula cha mchana kiwekwe kabla ya saa tatu asubuhi, watu hawajaamua watakula nini. Nguo na hina ni baada ya Isha, watu wametulia. Mwezi wa Ramadhani mambo yanapinduka: mchana ni kimya kabisa, soko linafunguka baada ya Tarawehe na kwenda mpaka karibu na daku. Anayeuza kaimati na sambusa za futari achukue oda usiku wa kuamkia, maana Alasiri yuko jikoni na hawezi kushika simu.

### Uso si lazima

Kuna dada wengi wanaojizuia kwa sababu hawataki sura yao mtandaoni. Sawa, usiionyeshe. Mikono inatosha kuuza hina, udi, mabuibui na chakula. Na usidanganyike na neno kupotea: Snapchat humjulisha mwenye picha kwamba amepigwa skrinishoti, lakini haizuii, na mtu akipiga kwa simu ya pili hakuna taarifa yoyote. Usiweke chochote ambacho hungependa kikae.

Onyo: hifadhi kila picha kwenye Memories, ghala la picha la Snapchat, kabla ya kuiweka, la sivyo video yako nzuri ya mwezi uliopita hutaiona tena.

Utajua umefaulu maswali yakibadilika. Yakitoka "bei gani?" yakawa "mnafika Bamburi?", huyo ni mnunuzi.

## Hatua ya 5: Soma majina, kisha hamisha oda

Fungua stori yako na uvute juu. Utaona majina ya marafiki walioitazama, na alama kando ya aliyepiga skrinishoti. Kwa muuzaji, hiyo ni orodha ya dhahabu. Mtu aliyepiga picha ya dera lenye bei amelitamani. Pengine anamwonyesha dadake, pengine anasubiri mshahara. Mwandikie mara moja, kwa adabu: "Assalaam aleikum, hili la kijani limebaki moja, nikuwekee mpaka jioni?" Asipojibu, mwache. Ukimfuata mara ya pili atakuzuia.

Sasa jambo linalowagharimu watu pesa bila wao kujua. Mazungumzo ya Snapchat, kama hayajabadilishwa, hufutika baada ya kusomwa. Mteja amekuandikia saizi, rangi, mtaa na nambari ya nyumba, umesoma ukiwa jikoni, ukafunga. Ukirudi hakuna kitu. Unaweza kuweka mazungumzo yadumu saa 24, au kubonyeza ujumbe mmoja mmoja uhifadhike, lakini kwa oda ni kujitafutia taabu. Akishasema anataka, mpeleke WhatsApp. Huko ataandika jina, mtaa na anachotaka, na kitabaki kimeandikwa siku mkibishana.

## Hatua ya 6: Pokea pesa bila kuibiwa

Tumia till au Pochi la Biashara badala ya laini yako ya nyumbani. Pochi iko kwenye laini ileile, ila pesa ya biashara inakaa kando, na hilo peke yake linakuokoa na tabia ya kula mtaji ukidhani ni faida. Inafunguliwa kwa *334#.

Omba arbuni. Kwa chakula cha kuagizwa na keki chukua nusu. Kwa hina ya harusi chukua nusu na uandike tarehe. Kwa nguo iliyo tayari, mteja wa mjini anaweza kulipa mzigo ukifika, ila wa bara alipe yote kabla. Mteja mpya anaogopa kutuma pesa kwa mtu asiyemjua, na ana haki. Mtumie video fupi ukitaja jina lake huku umeshika bidhaa yake.

Hila mbili ni za kuzijua kwa moyo:

Ujumbe wa bandia. Mtu anatuma ujumbe uliotengenezwa ufanane na wa M-Pesa, au anakuonyesha skrinishoti. Wa kweli hutoka kwa jina MPESA, ndani ya mfululizo uleule wa jumbe zako za siku zote, sio kutoka nambari ya kawaida. Hata hivyo usitegemee kusoma ujumbe. Tazama salio. Salio halijapanda, mzigo hautoki, hata kama mtu wa boda ameshawasha pikipiki mlangoni na anakuharakisha.

"Nimetuma kimakosa." Unapigiwa, mtu analia, anataka umrudishie. Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie autume ujumbe wake wa muamala kwa 456, Safaricom ishughulikie urejeshaji. Mkweli atafanya hivyo. Tapeli atakata simu.

## Hatua ya 7: Fikisha mzigo

Mji wetu una kisiwa katikati, na hilo linaamua bei yako. Kaskazini unavuka daraja la Nyali, magharibi unatoka kwa Makupa, kusini unategemea ferry ya Likoni. Oda ya Mji wa Kale na oda ya Likoni haziwezi kuwa na nauli moja.

Gawa wiki kwa pande. Kwa mfano, Jumanne na Ijumaa ni Nyali, Bamburi na Kisauni. Jumatano ni Likoni. Alhamisi ni Changamwe na Mikindani. Kisiwani kila siku. Mizigo mitano kwa safari moja ya boda inagawana nauli, na mteja anayeambiwa siku yake hakusumbui kila saa. Wa Likoni wengi huja mjini kazini, kwa hivyo wape nafasi ya kuchukua karibu na kivuko, wataokoa nauli nawe utaokoa foleni.

Kwa mabuyu na achari za bara, mpe mfanyakazi wa ofisi ya mizigo ya basi, chukua risiti, ipige picha, mtumie mteja. Achari ifungwe mifuko miwili na kopo. Ikivuja juu ya mzigo wa mtu mwingine, utalipa wewe.

Utajua umefaulu mteja akipiga picha ya mzigo aliopokea na kukutumia bila kuombwa. Muombe ruhusa uiweke kwenye stori.

## Hatua ya 8: Daftari na kodi

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila usiku mistari minne: umeuza nini, kiasi gani, kimegharimu nini, nani anadaiwa. Picha zinapotea, mazungumzo yanapotea. Daftari ndilo kumbukumbu pekee utakayobaki nayo.

Uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Mauzo yako ya mwaka yakizidi shilingi milioni moja na yasizidi milioni 25, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, kiwango kilichowekwa na sheria ya fedha ya 2023. Hutozwa kwenye mauzo yote, faida haiangaliwi, na hulipwa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Iingize kwenye bei mapema.

## Na pesa ya Snapchat yenyewe?

Ipo, lakini mlango ni mwembamba. Kwa masharti yaliyoanza tarehe 1 Februari 2025, unatakiwa uwe na wafuasi wasiopungua 50,000, uwe umechapisha angalau mara 25 kwa mwezi, na uwe umeweka kwenye siku zisizopungua 10 kati ya 28 zilizopita. Juu ya hayo, ndani ya siku hizo 28, ufikishe kimoja kati ya vitatu: picha zako zitazamwe mara milioni 10, video za Spotlight (sehemu ya Snapchat ya video fupi za kila mtu kuona) zitazamwe mara milioni 1, au watu wakutazame kwa jumla ya saa 12,000. Video za Spotlight zinazohesabiwa ni za zaidi ya dakika moja. Kuna pia orodha ya nchi zinazoruhusiwa, na kujiunga ni kwa kualikwa. Fungua orodha hiyo kwenye kurasa za msaada kabla hujaacha kazi yako.

Ukitaka kujaribu, weka video za Spotlight ambazo hazina alama ya programu nyingine, na chagua jambo ambalo mtu wa mbali hajaliona: kusuka makuti, kusonga mkate wa mofa, kuchora hina mkono mzima. Lichukulie kama tangazo la bure la biashara yako. Pesa ikija, jua kwamba malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi wa Kenya yana kodi ya zuio ya asilimia 5.

Njia ninayoiona ina nafasi zaidi kwa kijana mwenye kompyuta ni kutengeneza lenzi, yale mapambo yanayomkaa mtu usoni akijipiga. Lens Studio ni programu ya bure. Unajifunza, unatengeneza lenzi yenye majina ya bwana na bibi harusi au nembo ya mkahawa, unaipeleka ikaguliwe, kisha wageni wanaskani Snapcode mezani. Unaiuza kama huduma. Ipeleke kukaguliwa mapema, wiki moja kabla, maana ikikataliwa usiku wa harusi hutakuwa na la kumwambia mama wa bibi harusi.

Ukiwa na bidhaa inayokwenda, unaweza kulipia tangazo kuanzia dola 5 kwa siku, ulilenge Mombasa peke yake, na ulipe kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa. Usilipie tangazo la stori ambayo haijauza bila tangazo. Utakuwa umelipa ili watu wengi zaidi wapite.

## Mipaka

Picha za watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na haichezi. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwamba stori yako ingepotea kesho si utetezi. Pata idhini kwa maandishi ya WhatsApp. Kwenye hafla za wanawake, pale watu wanapoambiwa simu ziwekwe, weka simu. Hata mkono wa bibi harusi ni wa kuombwa.

Picha za utupu. Kila anayeuliza pesa za Snapchat kuna wa kumwambia auze hizo. Programu yenyewe hufunga akaunti za namna hiyo, mnunuzi huzihifadhi kwa simu ya pili, kisha vitisho vinaanza. Kama tayari kuna anayekutishia kusambaza picha zako, usimtumie hata shilingi. Hifadhi ushahidi, nenda polisi. Sheria ya makosa ya kimtandao ya 2018 inampa anayesambaza picha hizo faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote.

Mahali. Kwenye ferry na bandarini usitoe kamera. Ukitaka kupigia bidhaa zako ndani ya Fort Jesus, uliza langoni kwanza, maana picha za biashara si za matembezi. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni ya Jumapili ni wazi, upepo mzuri, na viazi karai viko karibu. Ila angalia nani yuko nyuma ya picha yako.

## Ukikwama, angalia hapa

Wanatazama lakini hawaulizi: bei haionekani, au wafuasi si wa Mombasa.

Wanauliza lakini hawalipi: unajibu kwa kuchelewa, au hujawapa sababu ya kukuamini. Weka picha za mizigo iliyofika, za wiki hii.

Wanalipa mara moja hawarudi: fungua mfuko kama mteja, uone alichokiona. Mara nyingi rangi ni tofauti na ya picha, au chakula kimefika baridi.

Wananunua, wanarudi, na bado mfukoni hakuna kitu: rudi kwenye hesabu ya hatua ya 1, na safari hii usisahau nauli ya boda uliyomsamehe shogaako.